Kosa, Kitanda na Simu: Kwa Nini Kiingereza Husema "Make"?

Barua nyingi tulizopata safari hii kutoka Dodoma na Singida zinauliza kuhusu kitenzi kimoja cha Kiingereza, "make". Walioandika ni walimu, wanafunzi, wakulima wa zabibu, watumishi wa ofisini na wahudumu wa nyumba za wageni. Maana ya neno lenyewe wanaijua. Kinachowasumbua ni kujua lini walitumie na lini waliache. Tumechagua barua chache na kuzifupisha.

Swali: Wanafunzi wangu wa kidato cha kwanza huandika "I did a mistake". Nasahihisha kwa wino mwekundu, lakini wiki inayofuata kosa limerudi pale pale. Je, ipo kanuni ninayoweza kuwapa ikawakaa kichwani? (Mwalimu wa Kiingereza, Kongwa)

Mwalimu, watoto hao si wazembe. Wengi wao wamesoma miaka yote ya shule ya msingi kwa Kiswahili, na kwa Kiswahili kosa hufanywa. Wanapoingia kidato cha kwanza, masomo yanageuka Kiingereza kwa mara moja, nao wanaichukua "fanya" waliyoizoea, wanaifanya "do", kisha wanaipachika kila mahali. "Fanya kosa" inakuwa "do a mistake", "fanya uamuzi" inakuwa "do a decision", "fanya bidii" inakuwa "do effort". Zote tatu kwa Kiingereza huchukua "make": make a mistake, make a decision, make an effort.

Kanuni iliyozoeleka madarasani ni kwamba "make" ni kutengeneza kitu ambacho hakikuwapo, na "do" ni kushughulikia kazi iliyopo. Usiitupe, maana mahali pake inafanya kazi vizuri. Chai haikuwapo, sasa ipo: make tea. Moto, keki, matofali, orodha, vyote hutengenezwa: make a fire, make a cake, make bricks, make a list. Kazi za shule na za nyumbani zipo zinakungoja: do homework, do the dishes, do the laundry. Lakini kanuni hiyo haifiki mbali. Kitanda kilikuwapo tangu jana, ila kukitandika ni "make the bed". Uharibifu haukuwapo, mvua imekuja ukatokea, na bado husemwa "do damage". Mwanafunzi mwenye akili atakuuliza kuhusu hayo mawili siku ile ile ya kwanza, na ukibaki na kanuni hiyo peke yake hutakuwa na jibu.

Kwa hiyo tunakushauri uanzie nyumbani, kwenye neno letu "piga". Waandikie ubaoni: piga simu, piga picha, piga pasi, piga mswaki, piga kura, piga magoti, piga deki, piga hodi, piga kelele, piga hatua. Waulize ni nani kapigwa hapo. Hakuna. Simu ndiyo inayotaka "piga", nayo kelele vilevile, na mgeni akisema "nimefanya simu" tutamwelewa lakini masikio yatakataa. Hakuna kanuni ya maana ya "piga" inayoweza kumwonyesha mgeni huyo kwa nini magoti hupigwa na kitanda hutandikwa. Sisi tulilipokea kila neno likiwa na kitenzi chake mgongoni. Kiingereza kiko hivyo hivyo: nomino ndiyo inayochagua kitenzi.

Kisha waonyeshe kwamba nomino ile ile, ikivuka kwenda Kiingereza, hupata kitenzi kingine kabisa. Katika "piga" zile kumi, tatu tu ndizo zinazoangukia kwenye "make": simu, kelele na hatua, yaani make a phone call, make noise, make progress. Picha ni "take a photo". Kura ni "cast a vote". Pasi ni "do the ironing", mswaki ni "brush your teeth", magoti ni "kneel", deki ni "mop the floor", hodi ni "knock". Somo hilo la dakika ishirini lina faida kubwa: mwanafunzi akishaona kwamba "piga" haitafsiriki, ataacha mwenyewe kuitafsiri "fanya".

Baada ya hapo ndipo umpe vishikizo viwili vya kumsaidia kukisia. Cha kwanza ndicho chenye nguvu: nomino iliyozaliwa na kitenzi cha kusema, kuamua au kujaribu, mara nyingi huchukua "make". Decide huzaa decision, choose huzaa choice, suggest huzaa suggestion, complain huzaa complaint, announce huzaa announcement, arrange huzaa arrangement. Promise, offer, attempt na guess hazibadiliki hata sura. Neno moja ni kitenzi na ni nomino. Zote ni "make". Cha pili: kazi za kawaida zinazoishia na "-ing" huchukua "do", na mara nyingi hutanguliwa na "the": do the cooking, do the shopping, do the cleaning.

Kishikizo cha kwanza huteleza mahali pawili, na ni vizuri wanafunzi wapajue mapema. Jambo linalohitaji watu wawili kuzungumza huchukua "have": have a discussion, have a conversation, have an argument. Na kitu ambacho mwingine anakihitaji, nawe unamkabidhi, huchukua "give": give an answer, give an explanation, give advice, give permission. Swali lenyewe halimo kundi lolote kati ya haya. Huulizwa, "ask a question". "Make a question" tumeiona katika barua nyingi kuliko kosa jingine lolote baada ya "do a mistake".

Huenda wakauliza kwa nini wahangaike na "make a decision" wakati "decide" ipo na ni fupi. Sababu ni kwamba nomino hubeba sifa na hesabu kwa urahisi. Unaweza kusema "make a quick decision", "make two small mistakes", "make one last attempt". Kitenzi kikiwa peke yake hukosa pa kutundika maneno hayo.

Kuhusu daftari: gawa ukurasa safu nne. Ya kwanza kitenzi, ya pili "a", "an", "the" au nafasi tupu, ya tatu nomino, ya nne kihusishi kinachofuata. Mfano: make, (tupu), friends, with. Au: make, a, complaint, about. Maneno sita kwa wiki yanatosha, yakizidi, huchanganyika. Kila neno liandikiwe sentensi moja ya kweli kutoka maisha ya mwanafunzi. Jumatatu inayofuata, waambie wafunike safu ya kwanza na ya pili kwa karatasi, wazisome nomino tu, wataje kitenzi. Usizisomeshe "make" na "do" siku moja kama maadui wawili katika orodha mbili zinazotazamana. Orodha za namna hiyo ndizo zinazofanya maneno yabadilishane viti kichwani.

Swali: Niliandika "I corrected the mistakes that I did", mwalimu akakata. Lakini kwenye "What mistake did I make?" kuna "did" na hakukata. Tofauti ni nini? (Mwanafunzi wa kidato cha pili, Bahi)

Kijana wetu, umeuliza swali zuri, na hata watu wazima waliosoma hujikwaa hapo.

Katika "What mistake did I make?" neno "did" halina maana ya kufanya. Ni kitenzi kisaidizi tu, kinakuja kwa sababu sentensi ni swali la wakati uliopita. Kitenzi chenyewe ni "make", nacho kimebaki mwishoni. Ukiligeuza swali hilo kuwa jibu, kisaidizi kinaondoka na "make" inavaa wakati uliopita: "I made a mistake."

Sentensi yako ya kwanza ilikosewa kwa sababu ya umbali. Nomino "mistakes" ilitangulia, kitenzi kikaja baadaye, na njiani ukasahau kwamba wawili hawa ni mtu na mwenzake. Popote nomino inapokwenda, kitenzi chake hakibadiliki: "the mistakes that I made", "the decision we made yesterday", "the noise they were making", "a promise was made". Jizoeze hivi: ukimaliza kuandika sentensi yenye "that" au "which", rudisha nomino nyuma ya kitenzi uone kama wanakaa pamoja. I did mistakes? Hapana. I made mistakes? Ndiyo. Basi rekebisha.

Na kwa kuwa umo kidato cha pili, kumbuka pia tahajia: make, made, made, na "making" hupoteza ile "e" ya mwisho.

Swali: Nafanya kazi nyumba ya wageni. Wageni kutoka nje huniambia "make the room", "make the bed", "make up the bed", na mmoja aliniuliza "Can you do my room?" Zote ni kitu kimoja? Na jikoni je, kila kitu ni "make"? (Mhudumu, Area D, Dodoma mjini)

Dada, si kitu kimoja, na kwa kazi yako tofauti hizo zina maana.

"Make the bed" ni kutandika kitanda kilicholaliwa: kunyoosha shuka, kuweka mito, kukunja blanketi. "Make up a bed" ni kuandaa kitanda ambacho hakikuwa kinatumika, kwa mfano mgeni akikuambia mtoto wake naye atalala, umletee godoro la ziada na shuka zake. "Make up the room" na "do the room" ni kazi nzima ya chumba: kufagia, kupiga deki, kubadilisha taulo, kumwaga taka, na kutandika kitanda. Kibao kinachotundikwa mlangoni huandikwa "Please make up my room". "Make the room" bila "up" si Kiingereza cha kawaida kwa maana hiyo. Yaelekea mgeni huyo naye ana lugha yake nyingine. Wewe ukitaka kuuliza, sema: "Shall I make up your room now?" Ukimaliza, "Your room is ready" inatosha.

Nguo za mgeni ni "do the laundry", pasi ni "do the ironing", vyombo ni "do the dishes" au "wash the dishes".

Jikoni, fikiria kilichokuwapo kabla hujawasha jiko, maana hapo ile kanuni ya zamani hukaa vizuri. Maji yalikuwapo, umeyapasha moto tu: boil water, kamwe si "make water", ambayo kwa Kiingereza ina maana ya kwenda haja ndogo. Yai lilikuwapo: boil an egg, fry an egg. Lakini kiwanda cha mayai, yaani mayai yaliyovurugwa na kukaangwa pamoja na kitunguu, hakikuwapo: make an omelette. Unga na maji vimekuwa ugali: make ugali, na "cook ugali" pia ni sawa. Vivyo hivyo make porridge, make soup, make chapati. Wali kwa kawaida ni "cook rice". Chai na kahawa ni "make" daima, hata kama kazi ni kuchemsha. Ukisema "cook tea" utaeleweka, ila itasikika kama kwamba chai ni mboga. Milo yenyewe haina "a" wala "the": make breakfast, make lunch, make dinner. "I will make a breakfast" ina neno la ziada.

Mgeni akipiga simu kuweka nafasi ya chumba, anafanya "make a reservation" au "make a booking". Zote mbili sawa.

Swali: Mimi na wenzangu tunasindika zabibu. Kwenye lebo tumeandika "Made of Dodoma grapes". Mteja mmoja akasema tumekosea. Pia tunahitaji maneno sahihi ya faida, hasara na punguzo kwa barua za wanunuzi. (Mkulima, Hombolo)

Mteja wenu yuko sahihi, na ni kosa la herufi chache lisilofaa kubaki kwenye chupa.

"Made of" hutumika pale ambapo malighafi bado unaiona ukikitazama kitu. Meza ni "made of wood". Ilimba, ala ya muziki ya Kigogo, ni "made of wood and metal", ubao na vile vyuma vyake unaviona. Kikapu ni "made of grass". "Made from" hutumika pale malighafi imegeuka ikawa kitu kingine, hauioni tena. Divai ni "made from grapes", karatasi ni "made from wood", jibini ni "made from milk". Mvinyo wenu na juisi yenu viandikwe "Made from Dodoma grapes". "Made with" hutaja kimojawapo kati ya viungo: "made with natural sugar", maana yake sukari imo lakini si yenyewe tu. "Made in" ni mahali: "Made in Dodoma, Tanzania". "Made by" ni mtengenezaji, mtu au kikundi. Lebo ndogo inaweza kubeba vitatu kwa pamoja bila kugongana: Made from Dodoma grapes. Made by, jina la kikundi chenu. Made in Tanzania.

Kama mnakausha zabibu, usiandike "made". Zabibu kavu zina jina lake, "raisins", na likisimama peke yake kwenye pakiti linatosha.

Sasa fedha. Tuseme shehena moja imewagharimu shilingi 310,000 mpaka kufika sokoni, mmeiuza 450,000. Tofauti ni 140,000, nanyi mtaandika: "We made a profit of 140,000 shillings on this consignment." Angalieni vihusishi viwili: "of" hubeba kiasi, "on" hubeba bidhaa. Kama mvua imeharibu nusu yake mkauza kwa 250,000, basi: "We made a loss of 60,000 shillings." Kiswahili hupata faida na hupata au hula hasara, ndiyo maana mikono inakimbilia "get a profit" na "get a loss". Mnunuzi atawaelewa, ila barua itaonekana haijapitiwa. "Make money" ni kutengeneza fedha kwa ujumla, bila "a". "Make a living" ni kujipatia riziki: "We make a living from grapes."

Punguzo halitengenezwi: give a discount au offer a discount. Mnunuzi anapotaja bei yake, hiyo ni "make an offer", na ninyi mkitaka aanze yeye kutaja, mwambieni "Make us an offer." Malipo ni "make a payment". Oda ni "place an order". Biashara yenyewe ni "do business": "We hope to do business with you." Barua nzima ya kibiashara ikiwa na "make" kila mstari, jueni kuna mahali imeingia bila kualikwa, na mara nyingi ni hapo kwenye biashara na kwenye oda.

Swali: Msimamizi wangu amezungushia duara "I made a research", "I made an interview" na "I made a conclusion" kwenye ripoti yangu, bila maelezo. Niandike nini? (Mwanafunzi wa chuo kikuu, Dodoma)

Makosa katika ile ya kwanza ni mawili. Utafiti ni "do research", na katika maandishi rasmi "conduct research" au "carry out research". Pili, "research" haihesabiki: haina "a", wala "researches" ya kuhesabu moja, mbili, tatu. Ukitaka kuhesabu, tumia "study": "I conducted two studies."

Mahojiano na dodoso ni "conduct an interview", "conduct a survey", na "do an interview" inakubalika ukiwa unaongea. Hitimisho huchorwa au hufikiwa: draw a conclusion, reach a conclusion, come to a conclusion. Majaribio ya maabara ni "do an experiment" au "carry out an experiment".

"Make" ina nafasi yake kubwa katika ripoti, ila ni kwa kazi za kichwa zaidi kuliko za mguu. Unapodhani: make an assumption. Unapolinganisha: make a comparison between A and B. Unapotofautisha: make a distinction between A and B. Unapopendekeza: make a recommendation. Unapotoa mchango katika fani: make a contribution to. Unapotumia takwimu za mwingine: make use of. Kwa ufupi, ukienda kijijini kukusanya data unafanya "do" na "conduct". Ukirudi mezani kuziwaza, "make" inaanza kazi.

Na ukiandika "I made the exam", umejipa cheo cha mwalimu, maana anayetengeneza mtihani ni mtunzi. Mtahiniwa hufanya "take an exam", "sit an exam" au "do an exam".

Swali: Kwa nini "make a mistake" ina "a" lakini "make progress" haina? (Msomaji, Manyoni)

Kwa sababu makosa yanahesabika na maendeleo hayahesabiki. Makosa ni moja, mawili, kumi. Progress ni kama maji au mchanga, ipo nyingi au kidogo: make good progress, make a lot of progress. "Make a progress" ni kosa la kila siku.

Walio katika kundi hilo lisilo na "a": make money, make sense, make room kwa maana ya kupisha nafasi, make peace, make war, make use of, make fun of. Make friends haina "a" kwa sababu ni wingi, hata kama rafiki uliyempata ni mmoja: "I made friends with her." Noise ina njia mbili. "Make a noise" ni sauti moja iliyosikika, "make noise" ni kelele kwa jumla. Na effort hutanguliwa na "an", kwa kuwa huanza na sauti ya irabu.

Swali: Ofisini kwetu tunaandika "make an appointment", wengine "take an appointment". Pia kiongozi wetu husema "take a decision". Kipi sahihi? (Mtumishi, Mtumba)

Miadi ni "make an appointment", na hubeba vihusishi viwili: "with" kwa mtu, "for" kwa wakati. "I would like to make an appointment with the Director for 10 o'clock on Tuesday." Hiyo 10 ni saa nne yetu ya asubuhi. Tunaitaja kwa sababu kuna watu wamefika saa kumi jioni na kukuta ofisi inafungwa. Appointment ni ya ofisi, daktari au benki. Rafiki hamwekeani appointment. Mnafanya "arrange to meet". Ukishindwa kufika, andika "I am afraid I cannot make it on Tuesday." Hapo "make it" ni kuweza kufika.

"Take a decision" ni Kiingereza cha Uingereza, husikika zaidi pale chombo rasmi kama bodi au kamati kinapoamua. Kiongozi wenu hajakosea. "Make a decision" hukubalika kila mahali, Uingereza na Marekani, kwa hiyo ukiwa na shaka andika hiyo.

Kwa walio karibu na Bunge: sheria hutungwa, "make laws", lakini muswada hupitishwa, "pass a bill". Hotuba ni "make a speech" au "give a speech". Kuchangia hoja ni "make a contribution to the debate". Hoja yenyewe hutolewa kwa "move a motion", na kura ni "cast a vote".

Swali: Je, mgawanyo huu wa "make" na "do" una sababu ya kihistoria, au ni desturi tu? (Mwalimu mstaafu, Mpwapwa)

Mzee wetu, shikamoo. Yote mawili yamo. "Make" na "do" zote ni maneno ya asili ya Kiingereza cha kale, ambako yalikuwa "macian" na "don". Mwaka 1066 Wanormani kutoka Ufaransa waliiteka Uingereza, na kwa karne zilizofuata nomino nyingi zikaingia kutoka Kifaransa: noise, peace, promise, profit, effort, excuse. Kifaransa kina kitenzi kimoja, "faire", kinachofanya kazi za "make" na "do" pamoja, kama "fanya" yetu inavyokaribia kufanya. Kiingereza kilikuwa na viwili, kwa hiyo kila nomino iliyoingia ilibidi ipewe kimoja, na nyingi za zile za Kifaransa ziliangukia kwenye "make". Baada ya hapo desturi ikazikaza.

Swali: Nasema "make a decision" sawasawa lakini watu wanasema Kiingereza changu kinadunda. (Msomaji, Singida)

Yaelekea unaongeza irabu: "meiki a desizheni". Silabi zetu za Kiswahili kwa kawaida huishia na irabu, basi ulimi unaitafutia "make" irabu ya kutulia. Usiitafute mbali, ipo tayari katika neno linalofuata. Unganisha "k" na "a": mei-ka, kisha neno lako. "Make an effort" ni mei-ka-ne-fot. "Made a" ni mei-da. Nguvu ya sauti isiwe kwenye "make" bali kwenye nomino, kwa kuwa ndiyo yenye habari. Sema polepole mara kumi, ndipo uongeze kasi.

Swali: "The teacher made us to sweep the class." Kuna kosa gani? (Mwanafunzi, Kondoa)

Ondoa "to": "The teacher made us sweep the class." Hii ni "make" ya kumlazimisha mtu, na kitenzi kinachoifuata hukaa kitupu. "To" hurudi pale tu sentensi inapogeuzwa ikawa ya kutendwa: "We were made to sweep the class."